Mwalimu, mtihani na amri ya saba



Kila inapokaribia Septemba napata ujumbe kwenye simu kutoka kwa walimu vijana. Wengi wao ni watoto wa TYCS niliowalea mimi mwenyewe, sasa wametoka chuo na wako kwenye ajira ya kwanza. Swali ni lile lile, ila kila mmoja analizungusha kwa namna yake: "Mwalimu, huku kwetu nimeambiwa nisaidie darasa la saba. Nifanyeje?" Wote wanaandika "kusaidia". Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika "kuiba mtihani".

Huwa najibu kwa kifupi: usifanye. Halafu najisikia vibaya, kwa sababu hilo ni jibu la mtu aliyesimama pembeni, na mimi sikusimama pembeni. Basi leo naandika kwa kirefu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nyumbani ni huku juu Mbinga, kwenye kahawa na baridi, ila kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa chini ziwani, kijiji kimoja cha Wilaya ya Nyasa. Wilaya yenyewe ilikuwa mpya, imemegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Shule sitaitaja. Siku zile lami ilikuwa bado haijashuka milimani, na ukitoka Mbinga kwenda Mbamba Bay wakati wa masika ulikuwa unapanda gari huku umeshaaga nyumbani. Walimu tulikuwa wachache kuliko madarasa. Mtu unafundisha la tano hisabati, unawaachia zoezi, unakimbilia la saba, ukirudi unakuta la tano wameshamaliza wanapigana.

Mwaka ninaousema ni 2013. Wadogo zangu hamkumbuki, lakini ule ulikuwa mwaka mgumu kwa mwalimu yeyote wa Tanzania. Mwezi wa pili yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na asilimia 60 hivi ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ikawaka. Ikaundwa tume, baadaye matokeo yakapangwa upya. Mwaka huo huo ikaja programu ya Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Shule ikiwa nyekundu, mwalimu mkuu anaitwa. Mwalimu mkuu akirudi kutoka kuitwa, na yeye anaita kikao.

Kikao chetu kilikaa chini ya mwembe, mwisho wa Agosti. Hakuna aliyetumia neno baya. Tuliongea kuhusu "mazingira ya watoto wetu", kuhusu chakula cha wasimamizi, kuhusu nani atafanya nini. Mimi nilipewa kufanya maswali ya hisabati. Nilisema sawa. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka muielewe: hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenihonga. Niliona huruma, nikasema sawa.

Namna karatasi ilivyonifikia na namna majibu yalivyotoka siisimulii, isije ikawa ndicho mtu anachojifunza hapa. Niseme tu kwamba nilikaa stoo, kati ya majembe na magunia ya unga wa uji, nikafanya maswali yote kwa muda mfupi. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua majibu, hata hisabati, na mtoto anaweka kivuli kwenye herufi. Kwa hiyo kinachohitajika ni orodha ya herufi tu. Nakumbuka nilijivunia kwamba sikukosea hata swali moja.

Kulikuwa na kijana wa benchi la nyuma. Baba yake ni mvuvi wa usipa. Ninyi wa mijini mnamjua usipa akiwa mkavu kwenye fungu sokoni. Huku usipa ni kazi ya usiku, siku za giza, mwezi usipokuwepo, watu wanaingia ziwani na karabai. Kijana alikuwa anavuta wavu na wakubwa hadi alfajiri, halafu anakuja shule macho mekundu, analala. Nilikuwa nimegundua tangu yuko la sita kwamba hajui kusoma. Alikuwa ananakili ubao vizuri sana, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wengi, lakini ananakili kama mtu anayechora picha ya mti. Ukimfutia ubao, amekwisha.

Matokeo yalitoka, na baadaye akawa amechaguliwa kidato cha kwanza. Baba yake alikuja nyumbani kwangu jioni ameshika mbasa mkubwa, amemfunga kwenye jani la mgomba. Alisimama mlangoni hataki hata kukaa. "Mwalimu, Mungu akubariki. Umemtoa mwanangu ziwani." Nilimpokea kwa mikono miwili. Samaki tukamla, na alikuwa mtamu.

Sasa ngojeni kwanza, kabla hatujafika kwenye dhambi, niwape hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, kwa sababu mtaisikia kwenye staff na msipokuwa mmejiandaa itawaangusha kama ilivyoniangusha mimi.

Mwenzangu mmoja, Mwanglikana (ufukwe ule wamisionari wa Kianglikana walijikita sana Liuli na kisiwani Likoma, kwa hiyo tulikuwa tumechanganyika, na kwa wizi huu tulikuwa na umoja wa Wakristo kamili), alisema hivi: Mtoto wa mjini ana walimu wa kutosha, ana umeme, ana tuisheni, ana mama anayemkagua daftari. Mtoto wetu ana wewe nusu siku. Wote wawili wanafanya mtihani mmoja, siku moja, saa moja. Huo mtihani wenyewe tayari ni wizi. Wewe ukimsaidia huyu, hujaiba. Umerudisha kidogo.

Sijui kama hoja hii ina jibu rahisi. Nyerere, ambaye alikuwa mwalimu na Mkatoliki wa Misa ya kila siku, na ambaye sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, aliandika kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule zetu zilikuwa zimepangwa kwa faida ya wachache watakaofaulu na kwenda mbele, wakati wengi wanabaki kijijini wakijiona wameshindwa. Miaka zaidi ya hamsini imepita na maneno ya yule baba mlangoni kwangu ni yale yale: umemtoa ziwani. Yaani ziwa, linalomlisha yeye na lililonilisha mimi ule mbasa, limekuwa jina la kushindwa. Nani alimfundisha hivyo? Sisi walimu. Tunamwambia mtoto aliyelala darasani, "Endelea hivyo hivyo, utaishia kuvua usipa," na baba yake ndiye anayevua usipa.

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa sahihi kwamba mambo hayako sawa. Alipokosea ni hapa: alidhani tulichompa mtoto ni kitu.

Kijana alianza kidato cha kwanza Januari 2014, shule ya kata, mbali na kwao. Ada ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini ongeza sare, madaftari, michango, dawati, na kodi ya geto, maana asingeweza kwenda na kurudi kila siku. Baba yake aliuza wavu mmoja. Mnajua wavu ni nini kwa mvuvi? Ni shamba. Aliuza shamba ili mwanawe akae mbele ya ubao wa baiolojia kwa Kiingereza, mtoto ambaye jina la kijiji chake mwenyewe kwa Kiswahili hawezi kulisoma kwenye kibao cha barabarani.

Wala hakuwa peke yake Tanzania hii. Mwaka 2012 magazeti yalikuwa yameandika kuhusu maelfu ya watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza huku hawajui kusoma na kuandika. Nilikuwa nimeisoma habari ile, nikatikisa kichwa, nikasema walimu wa siku hizi bwana.

Kwaresima ya 2014 nilikwenda kuungama. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimevunja amri ya nane, nimesema uongo. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa na utetezi pia, ule wa mwenzangu. Nikausema wote. Padri alinisikiliza hadi mwisho, ni mzee, hana haraka. Halafu akauliza swali moja: "Huyo kijana anajua kusoma?"

Nikasema hapana, Padri.

"Basi hiyo siyo ya nane tu, mwalimu. Hiyo ni ya saba."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Usiibe? Nimeiba nini? Nikaenda kusoma Katekisimu, na mimi nawaombeni mkasome, namba 2409. Ni orodha ya mambo yaliyo kinyume cha amri ya saba ambayo sheria za nchi pengine haziyagusi: mshahara usio wa haki, rushwa, kughushi hundi, kukwepa kodi. Na katikati ya hayo makubwa limo jambo ambalo nililipita mara ya kwanza bila kuliona. Kazi iliyofanywa vibaya.

Kazi iliyofanywa vibaya ni wizi. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mimi nilikuwa nimehangaika na ile siku moja ya stoo, wakati wizi wenyewe ulikuwa wa miaka miwili. Ngoja niwaambie mwalimu anavyoiba, na walimu vijana mnaonisoma mnajua sitii chumvi. Unaandika andalio la somo la wiki nzima Ijumaa jioni, baada ya wiki kuisha, kwa sababu mratibu elimu kata atapita Jumatatu. Unaandika "wanafunzi 38 kati ya 41 wameelewa" kwenye sehemu ya tathmini, na siku hiyo hukuingia darasani kabisa. Unajaza daftari la mahudhurio kwa mkupuo. Unasahihisha madaftari kwa kupiga vema kubwa la mshazari juu ya ukurasa mzima bila kusoma. Kila kimoja ni kidogo. Kila kimoja kina sababu, na sababu nyingine ni za kweli: madarasa mengi, mshahara umechelewa, malaria. Lakini nilipojumlisha (si unajua mwalimu wa hisabati), niliona kwamba kwenye karatasi za serikali yule kijana alikuwa ameelewa masomo mia tatu na kitu kutoka kwangu. Mimi niliyeandika hivyo nilijua hajui kusoma.

Kwa hiyo stoo haikuwa mwanzo wa uongo. Ilikuwa mavuno yake. Mwalimu aliyedanganya kuanzia Januari hana jinsi Septemba ila adanganye tena, la sivyo Septemba itamwumbua. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoniuliza mwezi wa nane: umechelewa kuuliza, lakini heri umeuliza.

Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395, cha pili yapata 420. Naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu, alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, Roma na Milano, na alipata matatizo ya mwalimu: anasimulia kwamba wanafunzi wa Roma walikuwa wanakwepa ada, siku ya malipo ikifika wanahamia kwa mwalimu mwingine! Yeye anakataa uongo wote, hata ule unaosemwa kumwokoa mtu. Nikiwa chuo niliona amezidi ukali. Nilikuwa nafikiria uongo wa kumwambia jambazi mtoto hayupo ndani. Sikuwahi kufikiria uongo wa kumwambia mtoto mwenyewe kwamba yupo mahali ambapo hayupo.

Mnamkumbuka Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Anapiga kelele barabarani, watu wanamnyamazisha. Yesu anasimama na kumwuliza anataka afanyiwe nini. Swali la ajabu kidogo, maana kila mtu anaona kwamba ni kipofu. Lakini anamwacha aseme kwa mdomo wake mwenyewe kile anachokosa. Mtoto asiyejua kusoma naye ana haki ya kupiga kelele yake. Karatasi yake ya mtihani, ikiwa tupu au ikiwa na makosa, ndiyo kelele yake: sioni! Na sisi, kwa huruma, tulimjazia karatasi. Tukamnyamazisha. Serikali ikasoma pale kwamba mtoto huyu anaona vizuri kabisa, na shule hii haihitaji mwalimu wa kuongezwa. Hilo la mwisho lilinichoma zaidi, kwa sababu ndilo lililokuwa kilio chetu chini ya mwembe: walimu hawatoshi. Halafu tukatengeneza ushahidi kwamba wanatosha.

Turudi kwa padri. Malipizi aliyonipa hayakuwa Salamu Maria kumi. Alisema, katika amri ya saba kuungama hakutoshi, aliyechukua anarudisha. Katekisimu nayo iko hivyo, hata kwa makosa dhidi ya ukweli, namba 2487: umesamehewa, sawa, lakini deni la kufidia linabaki. Nikamwuliza, nitarudishaje? Akasema, "Wewe si mwalimu?"

Jumamosi moja nikapanda bodaboda hadi shule ya kata. Nilimkuta kijana getoni kwake, chumba cha udongo, wako wanne, sufuria moja. Alifurahi kuniona, akaniamkia, akanitolea ndoo nikae. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia, "Nimekuja nikufundishe kusoma."

Alinyamaza. Wenzake wakatoka nje wenyewe. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, akitazama chini:

"Mwalimu, ulikuwa unajua tangu lini?"

Nikamwambia, tangu la sita.

"Mbona hukusema?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na maafisa, na wazazi wenye hasira. Sijawahi kuulizwa swali jingine kama lile, na sikuwa na andalio lake. Nilisema tu, nisamehe. Akasema, "Haya." Sijui hadi leo kama ile haya ilikuwa msamaha au ni heshima ya mtoto kwa mtu mzima.

Tulisoma kila Jumamosi, mwaka 2014 wote, ukiacha majuma ya mvua kubwa. Hatukuanza na kitabu. Tulianza na majina ya mitumbwi, maana mitumbwi na boti za huku huandikwa majina ubavuni na yeye alikuwa anayajua yote kwa sura. Halafu daftari la wadeni wa usipa la baba yake. Fulani ndoo mbili, fulani ndoo tatu, amelipa nusu. Kufikia Novemba alikuwa anasoma daftari lile bila kusimama. Kiingereza hakikuwezekana. Kidato cha pili alishindwa mtihani, akarudi ziwani, na sasa ana daftari lake mwenyewe na wadeni wake mwenyewe. Sijui niite hiyo ni mafanikio. Baba yake hakuwahi kununua tena ule wavu, na mimi nilimpa fedha kidogo ambayo haikufikia hata robo yake. Aliikataa mara mbili, mara ya tatu akaipokea.

Kuna swali jingine ambalo mmoja wenu aliniuliza na sikumjibu. Je, ilinipasa niende kuripoti? Mwaka 2011 watahiniwa zaidi ya 9,700 wa darasa la saba walifutiwa matokeo nchini kwa udanganyifu. Fikiria hao. Katika darasa letu kulikuwa na watoto, hasa wasichana wawili watatu ninaowakumbuka, ambao wangefaulu bila orodha yangu. Ningeripoti, wangefutiwa na wao. Sikuripoti. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Nikijichunguza vizuri, naona hofu ya kazi yangu nayo ilikuwemo, na siwezi kutenganisha hivi viwili, kama vile huwezi kutenganisha chumvi ikishaingia kwenye mchuzi. Padri hakunilazimisha. Sitawaambia nilifanya vizuri.

Nilichofanya ni hiki: mwaka uliofuata kikao kilipoitwa, niliinua mkono nikasema, mimi hapana. Mnataka kujua ilivyokuwa. Haikuwa kama filamu. Sikutoa mahubiri, na nawaombeni na ninyi msitoe, hasa kama mwaka uliopita mlikuwemo. Nilisema, "Mwalimu mkuu, mwaka jana nilifanya, mwaka huu sitafanya. Lakini nawaomba darasa la nne, niwafundishe kusoma." Kimya. Mtu mmoja akacheka. Kuanzia siku hiyo hadi nilipohamishwa, chai ya staff nilikuwa nakunywa na watu wawili tu, mmoja wao yule Mwanglikana, ambaye hata hivyo aliendelea na kazi yake stoo. Darasa la nne nilipewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa analitaka.

Huku Mbinga wazee bado wanamwita katekista "mwalimu". Ukisikia mtu anasema "mwalimu amefika" inabidi uulize, wa shule au wa kanisa? Si kosa la lugha. Tangu Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, vijijini mtu alikuwa ni mmoja: asubuhi anawafundisha watoto herufi, jioni anawasalisha, Jumapili anaongoza ibada padri akiwa hayupo. Baadaye shule zikataifishwa, kazi zikagawanyika, sasa huyu analipwa na serikali na yule halipwi karibu chochote. Mimi zamani nilidhani kwamba imani yangu kazini ni zile saa za ziada: kulea TYCS, kuwaandaa watoto kwa Kipaimara, kusoma somo la kwanza kanisani. Nilikuwa mlezi mzuri wa TYCS mwaka ule wa stoo. Wiki ile ile ya mtihani, kikundi kilisali novena kwa ajili ya watahiniwa. Niliiongoza mimi.

Sipendi kusema zaidi juu ya hilo.

Kwenye milima yetu Wamatengo wanalima ngoro. Mnaijua: mteremko mkali, mwanaume anafyeka majani na kuyalaza katika miraba, mwanamke anachimba udongo katikati ya mraba na kuyafunika, vinabaki vishimo vishimo mlima mzima. Mvua ikija, maji yanatulia kwenye kila shimo, udongo haushuki. Hakuna shimo hata moja linaloweza kuchimbwa siku ya mvua. Bibi yangu alikuwa anachimba ngoro akiwa na miaka sabini na alikuwa ananicheka mimi mwenye digrii nikichoka baada ya mistari miwili. Nikiwa na darasa la nne, watoto wengi wasiojua kusoma, siku moja herufi moja, mara nyingi nilimfikiria yeye.

Basi, kijana uliyeniandikia juzi kutoka huko uliko, ukisema mwalimu mkuu wako ni mtu mzuri na watoto ni maskini kweli. Naamini yote mawili. Kataa kwa upole. Usimdharau. Halafu omba darasa ambalo hakuna anayelitaka, na wale wa la saba ambao unajua hawajui, wafuate mmoja mmoja kabla hawajaondoka, uwaambie wewe mwenyewe, na wazazi wao uwaambie, hata kama wataona aibu na wewe utaona aibu. Utakosa mbasa.

Mimi darasa langu la 2013 lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Niliyemfuata ni mmoja. Wengine nilisema nitawafuata likizo, halafu nikahamishwa, halafu nikaoa, na sasa hata majina yote siwezi kuyataja bila kuangalia. Julai iliyopita nilikuwa stendi ya Mbamba Bay nasubiri gari la kupanda Mbinga, upepo wa mwera unapuliza mchanga machoni, akanijia dada mmoja amebeba mtoto mgongoni na ndoo ya usipa kichwani. "Shikamoo mwalimu! Hunikumbuki? Mimi wa la saba la 2013." Alikuwa na furaha kweli. Kwenye ubavu wa basi dogo lililokuwa mbele yetu kuliandikwa linakokwenda, kwa herufi kubwa nyekundu, na yeye akamgeukia kondakta akamwuliza, "Hili ni la Mbinga au la Lituhi?"

Nikaitika marahaba. Gari likapiga honi, tukapanda.